Fimbo ya biyari ya kuvunjia, dola 70, nimeijaribu kwa meza tatu za Goma

Nianze na bei ju najua njo kitu mutaniuliza kwanza. Dola 70. Muuzaji alianzia 110, tukavutana karibu saa nzima, akaapa kwa mama yake, nikajifanya naondoka, akaniita nirudi, ile michezo yote munaijua. Niko nayo miezi mine sasa. Nimeichezea Himbi, nimeichezea Birere, nimeipeleka paka Ndosho, mitaa yote ya Goma, juu ya pikipiki imefungwa mugongoni kwa kifuko cheusi kirefu, kitu siwezi kumushauri mutu afanye mu mji yetu hii, na nimeshalipa bia ya mutu ju yake, nitafika hapo. Watu wananiuliza kama inasaidia kweli ao ni kujionyesha tu. Naandika mara moja ili nisirudilie kila siku.

Kwa wale tunaochezaka nao jioni, glasi mukono moja fimbo mukono ingine: fimbo ya kuvunjia ni ile unaitumia kwa pigo la kwanza tu, pale mipira 15 imepangwa kwa pembetatu na unataka ikimbie kila fasi. Ukishavunja unaiegemeza kwa ukuta, unachukua fimbo ya kuchezea. Kule biyari ni kazi ya watu mutu anakujaka na kifuko chenye fimbo tatu, moja ya kuchezea, moja ya kuvunjia, na kafupi ka kurushia mupira juu ya mwenzake. Huku kwetu meza iko na fimbo mbili za wote, moja imepinda, ingine ncha yake imebaki nusu, na hiyo hiyo njo unavunja nayo, unacheza nayo, na umeme ikikatika watoto wa jirani wanapigana nayo vita.

Na kuzitenganisha haiko kiburi. Kuvunja kunaua ncha. Ile ngozi ya mbele ukiigonga kwa nguvu kila siku inapanuka inakuwa sawa uyoga, inalala upande, kisha ile siku unataka kuugusa mupira kwa pembeni kidogo tu, inateleza, watu wanacheka. Tena ngozi ni laini, inameza sehemu ya nguvu yako mbele haijafika kwa mupira.

Sasa yangu yenyewe. Vipande viwili, vinaungana katikati kwa sikurubu ya chuma. Kitako cheusi, hakina kamba wala ngozi ya kushikia. Muuzaji, duka silitaji, aliniambia ni kabon, kabon kabisa, hata ukiiacha kwa mvua wiki nzima haiwezi kupinda. Wiki ya pili ikakwaruzika kidogo karibu na ncha, nikaona mbao. Mbao nyeupe, na juu yake kakoti kembamba keusi ka plastiki. Nikarudi kwake. Akaangalia pale penye kukwaruzika, akaangalia mimi, akasema kabon iko ndani ya mbao. Nilishindwa hata kukasirika.

Alisema pia uzito ni aunsi 21, hiyo ingekuwa karibu gramu 595. Nikapita kwa mama mumoja anauza sambaza, samaki midogo, yule mwenye mizani ya batri, nikamuomba anipimie. Akaniuliza kama nataka kuikaanga. Gramu 560. Yani hata hapo alinidanganya, lakini ule uongo ulinisaidia bila yeye kujua.

Ju watu mingi wanafikiri fimbo nzito njo inavunja muzuri, sawa nyundo. Nilikuwaka nafikiri hivyo pia. Kisha nikakaa na kalamu: chukua fimbo ya gramu 500 na ya gramu 600, mukono uko na mwendo ule ule, mupira mweupe, ule unaopigwa na fimbo, wa gramu 170. Ile nzito inautoa mupira haraka zaidi kwa asilimia 4 na kidogo, basi. Gramu 100 nzima kwa asilimia 4! Na mukono hauwezi kubaki na mwendo ule ule, kitu kizito kinauchelewesha, kwa hiyo ile asilimia 4 unaipoteza mbele hata ncha haijagusa kitu. Sheria za kimataifa zinaruhusu fimbo paka gramu 708 hivi, lakini wakubwa wengi wanavunja na fimbo ya kati ya gramu 510 na 595. Mutu wa mukono wa haraka achukue nyepesi. Mimi mukono uko haraka, ni kichwa njo kinachelewaka.

Kile nililipia kweli ni ncha. Haiko ngozi, ni fenoli, plastiki ngumu ya familia moja na bakeliti, ile ya suwichi za zamani za umeme, nyeusi, zito, unaikuta bado kwa nyumba za wakati wa mukoloni. Na mipira mizuri ya biyari iko ya familia ile ile. Wacha nitoke njiani kidogo hapa. Zamani ile mipira ilikuwa ya pembe za ndovu, na pembe mingi zilitoka kwetu huku Kongo. Kisha Leo Baekeland, mutu wa Ghent kule Ubelgiji aliyehamia Marekani, akatengeneza bakeliti mwaka 1907, na kidogo kidogo mipira ikahamia kwa plastiki ya namna ile. Leo Aramith, ile mipira kila mutu wa biyari anaiota, inatengenezwa Callenelle, Ubelgiji. Na kitambaa cha Simonis ambacho wakubwa wanachezea juu yake kinatoka kwa nyumba ya Verviers, Ubelgiji tena, ilianza 1680. Wabelgiji walibeba pembe zetu, na sisi tunasukuma mipira ya poliesta yenye kukwanguka juu ya kitambaa chenye viraka. Haya, turudi.

Himbi njo nilipoijaribu kwanza. Terasi, yani baa, ya watu wenye feza kidogo, chini ya kitambaa iko jiwe la kweli, fasi ya kuchezea sentimeta 198 kwa 99, mipira mikubwa ya milimita 57. Bosi pale ni mutu wa usafi, anafunika meza usiku, asubuhi anapiga brashi, ukiweka chupa juu ya ukingo anakuangalia tu bila kusema paka unaiondoa mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kutengeneza masimu, na niko na simu moja inashika picha 240 kwa sekunde. Nikamupa mudogo wangu aisimamie pembeni ya meza. Toka mupira mweupe ukiwa kwa mustari wa kuvunjia paka unagusa mupira wa kichwa, ule wa mbele kabisa ya pembetatu, nilipima, ni safari ya sentimeta 93. Nikavunja mara kumi na fimbo ya pale pale, mara kumi na yangu. Usiku nyumbani nikahesabu picha moja moja kwa kidole, toka ncha inagusa paka mipira inagongana, macho yakauma.

Fimbo ya terasi, mara mingi picha 30. Yangu, picha 28, na mara mbili 27. Picha 30 ni sehemu ya nane ya sekunde, ukipiga hesabu ni karibu kilometa 27 kwa saa. Picha 28 ni karibu 29. Mudogo wangu akaniangalia akasema, mukubwa wangu, dola 70 kwa picha mbili za simu? Akacheka paka akakaa chini.

Acha acheke, zile picha mbili kwa meza zinaonekana. Kwanza mulio. Ngozi inaliaka dup, fenoli inaliaka ta! kavu, sawa mutu amepiga kofi ukuta, na watu kwa meza za bia wanageuka. Kisha mipira yenyewe. Sheria ya mchezo wa mupira wa nane (eight-ball) inasema kama hakuna mupira umeingia, lazima angalau mipira mine iguse kingo, kama sivyo kuvunja kwako hakuhesabiwi. Na ile fimbo ya wote kuna wakati nilikuwa nasimama nahesabu, moja, mbili, tatu... ile ya ine inakufa sentimeta mbili mbele ya ukingo, na mwenzako tayari ananyoosha mukono kuomba mupira. Na fimbo yangu hiyo aibu haijanipata Himbi hata mara moja. Mupira mumoja ao mbili inaingia, si kila mara lakini mara mingi kuliko zamani.

Na wakubwa wanapita kilometa 32 kwa saa bila shida, nami siku moja nikataka kuwafikia. Nikapiga kwa mwili muzima, mabega, kiuno, roho yote. Picha 25. Ni karibu 32, nilifurahi sana, isipokuwa mupira mweupe uligusa kichwa pembeni, ukazunguka meza nzima ukaingia shimo la kona kimya kimya. Toka ile siku nabakia kwa picha 28, napiga katikati kabisa, mweupe unagonga unarudi kidogo unalala katikati ya meza, na kutoka pale naona kila kitu.

Alhamisi moja, kumbe, pale pale Himbi, fimbo ile ile, meza ile ile, ikavunja vibaya sawa mutu amerusha magunia ya makala ya kupikia. Mipira ya nyuma ilibaki pamoja, haikusogea. Nikaangalia ncha, iko sawa. Nikaangalia sikurubu, imekaza. Ikapita michezo mitatu hivyo. Mwisho mutu mumoja wa makamo aliyekuwa amekaa kimya na soda yake akasema, kijana, washa tochi. Nikainamisha simu nyuma ya mipira ikiwa imepangwa, na mwanga ukapita. Kati ya mupira wa kichwa na wa kulia yake kulikuwa na ufa wa unene wa karatasi, labda karatasi mbili. Njo hapo tu. Mipira ikishikana, pigo linapita toka kwa moja paka kwa nyingine kwa wakati moja na zote zinaruka. Ukiacha ufa hata mudogo, ule wa kichwa unaenda kivyake, unawapiga wenzake kwa upande, nguvu inagawanyika vibaya, na fimbo yako ya dola 70 ao ya dola 700 haiwezi kurekebisha.

Ufa ulitoka wapi? Kwa kitambaa. Mupira wa kichwa unapigwa fasi ile ile kila siku, kitambaa kinachimbika kashimo kadogo hapo, mupira ukiuacha unabingirika wenyewe kidogo unatafuta kashimo kake. Tena mipira ya zamani haiko ukubwa moja, ingine imekwisha kidogo, na ikiwa chafu inashikana kwa uchafu badala ya kugusana.

Hapo njo nikafanya kitu nakisifu kuliko fimbo. Kuna vile vikaratasi vya plastiki vyembamba venye matundu, wachezaji wa kule wanavitandika chini ya mipira, kila mupira unakaa mu tundu lake na yote inashikamana yenyewe bila pembetatu. Mimi nilichukua karatasi ya plastifie, ile ya kufunikia vyeti, ukubwa wa A4, nikachora, nikatoboa matundu 15, toka katikati ya tundu paka katikati ya tundu la pembeni milimita 57. Ilinichukua jioni mbili na ya kwanza niliiharibu ju nilipima kwa rula ya mutoto yenye kuvunjika mwanzo. Ile ya pili ikakaa sawa. Bei: isiyofika hata dola moja. Na kwa macho yangu, ile plastiki imeongeza kuvunja kwangu kuliko fimbo. Niliiacha kwa bosi wa Himbi, sasa anaitunza mu droo pamoja na cheti chake cha ushuru.

Birere ni dunia ingine. Meza fupi, unalipa franga unapewa jetoni, unaisukuma, mipira inashuka na kelele. Mipira yenyewe midogo, milimita 51, na mweupe ni mudogo zaidi, 48, ili ukiingia shimoni mashine iujue na iurudishe badala ya kuufungia na wengine. Milimita tatu unaona ni kitu kidogo, ila kwa uzito mweupe unakuwa umepungukiwa sehemu moja ya sita hivi. Sasa fikiri kitu chepesi kinakimbia kugonga kundi la vitu vizito. Kinarudi. Na ukikipa mwendo zaidi kinarudi na mwendo zaidi. Ile asilimia chache fimbo yangu inaniongezea, nusu yake ilikuwa inarudi kwangu mwenyewe.

Na ukuta! Nyuma ya mutu anayevunja kuna ukuta, labda mita moja, na fimbo yangu iko sentimeta 147 sawa fimbo nyingi. Hauna fasi ya kurudisha mukono. Unalazimika kuinua kitako juu, karibu na dirisha, unapiga ukielekea chini. Ukipiga chini mupira mweupe unabanwa kati ya ncha na meza, unaruka. Na ncha ngumu inaurusha kuliko ngozi, njo maana zile fimbo fupi za kurushia zinawekewaka ncha ngumu. Pigo la tatu tu. Mweupe ukaondoka kwa meza nikauona uko hewani, nilikuwa na wakati wa kuuangalia, ukatua juu ya mupira wa kichwa, ukapanda tena, ukapita katikati ya watu wawili wanaozungumza maneno ya kiwanja, ukagonga chupa ya bia Mutzig ya muzee mumoja, ndio kwanza alikuwa amemwaga glasi ya kwanza tu. Chupa haikuvunjika. Ilianguka, ikavunjikia chini. Kimya. Muzee akasema polepole, mutoto wangu, hiyo fimbo umetoa wapi.

Nikalipa ile chupa, nikaongeza ingine ya pole. Kisha nikamaliza jioni na fimbo ya pale, fupi, ya mbao, ncha ya ngozi yenye kuchoka, nikavunja muzuri tu kwa nguvu ya kati. Kwa meza ya Birere yangu inakaa kifukoni, sijidanganyi.

Ndosho sasa, na Ndosho njo napenda kwenda kuliko kote. Meza iko nje, chini ya shitingi, juu ya simenti iliyomwagwa kwa mawe ya volkano bila kuyapasua vizuri, kila mutu wa Goma anajua vile iko, unajenga juu ya kitu kilipoa kikiwa kinatembea. Nivo haiko, meza imeinama. Chini ya mguu wa kona ya mlango kuna karton tatu zenye kukunjwa na kipande cha tairi. Bosi anasema ilikuwaka nivo kabisa paka matetemeko ya Mei 2021, yale ya baada ya Nyiragongo kutapika, mimi naona aliagiza matetemeko yabebe makosa ya fundi, ila wacha. Chini ya kitambaa haiko jiwe, ni mbao, na mbao imekunywa maji. Vumbi ya huku munaijua, nyeusi, kali, inakwaruza, inaingia ndani ya kitambaa inakula kila kitu, mipira inakuwa sawa imevaa nguo. Kingo zimekufa. Mupira unafika kwa ukingo unakaa pale sawa mutu amefika kwao.

Nikavunja na fimbo yangu, ta! kilometa 29 zangu zote. Mipira ikatawanyika nusu ya njia, ikachoka, ikasimama. Nikavunja tena, mweupe ukaruka kidogo ju mbao chini inainama ukiipiga na kusukuma mupira juu. Kisha muzee wa pale akachukua fimbo yake. Ile fimbo imefungwa sikochi (selotepu) mara mbili. Hakuvunja kwa nguvu. Akaweka mweupe karibu na ukingo wa kushoto, akalenga mupira wa pili badala ya kichwa, mwendo wa kati, sawa mutu anasukuma mlango anajua hauna funguo. Mipira ikafunguka polepole na kisha, naapa, ikaanza kuteremka. Yote inaelekea kona ya mlango. Mbili zikaingia zenyewe, moja ikafikiria kidogo ikaingia pia. Ananiambia, mimi sivunji mipira, navunja meza. Alinipiga michezo mine, nikaacha kuhesabu franga.

Nilirudi wiki ingine na karai, maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikaosha mipira yote 16 nikaipangusa kavu. Maji yakatoka rangi ya chai ya rangi. Pale njo fimbo ikaanza kuonyesha kitu kidogo Ndosho, si sana, lakini mipira ilitembea. Kama unacheza kwa meza ya nje jaribu sabuni mbele ya kununua kitu chochote, ila omba ruhusa ju bosi wa pale alifikiri nataka kuiiba.

Yenye sipendi kwa fimbo yenyewe, nitaje haraka. Sikurubu inalegea yenyewe ukishavunja mara tano sita, unasikia kwa mukono kitu kinatetemeka, lazima ukaze tena. Chaki haikai kwa fenoli, ukipiga nje ya katikati kidogo inateleza, kwa hiyo usijaribu kabisa kuuzungusha mupira nayo, na kama ulikuwa unafikiri utainunua moja ucheze nayo mchezo wote, acha, utalia. Inaachia alama ndogo nyeupe kwa mupira wa poliesta, sawa kucha, na kuna bosi mumoja amenikataza nisiitumie kwake, yuko na haki. Kifuko chake zipu imekufa mwezi wa kwanza. Fimbo yenyewe bado imenyooka, hapo nasema ukweli, nimeibingirisha juu ya jiwe la Himbi haijatingisha.

Kama unacheza paka kwa meza yenye jiwe, kitambaa kinachopigwa brashi na ukuta uko mbali, nunua, lakini usipite dola 50, mimi niliibiwa, na chukua simu yako na mizani. Wengine toa dola mbili ya chaki mpya, dola moja ya plastifie, na mutu akubadilishie ncha ya ngozi kwa fimbo yako ya sasa.

Jumapili iliyopita tuko Ndosho, mvua ikaanguka ile ya Goma isiyoomba ruhusa. Shitingi ikajaa maji katikati, ikashuka sawa tumbo, juu kabisa ya meza. Kila mutu amekimbia chini ya bati. Muzee amebaki peke yake kwa meza, anaangalia juu, kisha ananiita kwa sauti kubwa, mutoto, leta haraka ile ya dola 70! Nikadhani anataka kuijaribu. Akaigeuza, akashika upande wa ncha, akasukuma shitingi na kitako toka chini paka maji yote yakamwagika upande wa barabara. Tone moja halikugusa kitambaa. Akanirudishia imelowa, akasema hii ni ndefu muzuri, ile yangu haifikaka.